Maswali ya Wasomaji: Msuluhishi Anapobadili Kazi

Barua zilizotufikia katika wiki za karibuni zimetoka kwa watu wa kazi zisizofanana hata kidogo: afande aliyestaafu, muuguzi, mkalimani, mhitimu wa chuo kikuu, msimamizi wa ujenzi na mwenyekiti wa steji ya boda boda. Hata hivyo, ukizisoma kwa pamoja utaona zinauliza swali moja, nalo ni kama mtu aliyejifunza kusuluhisha watu katika kazi moja anaweza kuuchukua ujuzi huo akaenda nao katika kazi nyingine, au kama kila kazi ina migogoro yake ambayo mgeni hawezi kuigusa. Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji alipime kila mahali nitakapolitumia: ujuzi wa kusikiliza na kupambanua mambo huhama na mwenyewe, lakini mamlaka hayahami. Wengi wanaoshindwa katika kazi mpya walijua kusuluhisha vizuri sana. Walichokosea ni kufika na mamlaka ya kazi ya zamani vichwani mwao. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Swali: Mshauri, nimetumikia polisi kwa muda mrefu, na miaka yangu ya mwisho nilikuwa katika kitengo cha ulinzi wa watoto na familia, ambako kila asubuhi benchi la nje lilijaa mume, mke, mashemeji na watoto. Sasa nimestaafu, na kiwanda kimoja hapa Jinja kimenipa kazi katika ofisi ya rasilimali watu ili nishughulikie ugomvi wa wafanyakazi. Vijana nitakaokaa nao ofisini wana shahada, mimi nina uzoefu tu. Je, ujuzi wangu utafaa, au nitaonekana nimeleta mambo ya kituo cha polisi kiwandani? — Afande mstaafu, Jinja

Jibu: Afande, shahada za vijana hao ziheshimu, lakini usijidharau mbele yao. Miaka uliyokaa ukilitazama benchi lile imekufundisha mambo ambayo darasani hupitiwa haraka. Umejifunza kwamba anayewahi kulalamika si lazima awe ndiye aliyekosewa, kwa kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Umejifunza kumsikiliza kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha, kwa sababu mke hatayasema mbele ya shemeji yale aliyokuambia mkiwa wawili. Umejifunza pia kuuliza ni nani hayupo, maana mara nyingi ugomvi wa wawili waliokaa mbele yako huwa umewashwa na wa tatu aliyebaki nyumbani. Haya yote yatakufaa kiwandani kama yalivyokufaa kituoni. Waendesha mashine wawili wanaotupiana maneno huenda wanagombania kipuri kimoja ambacho stoo imechelewa kukitoa, na mtu wa stoo hakuna aliyemwita.

Utakachopaswa kukiacha getini ni nguvu ya sare. Kituoni watu walikubaliana mbele yako wakijua kwamba nyuma yako kuna mahabusu. Kiwandani mfanyakazi atakubali upesi vilevile, kwa kuwa nyuma yako anauona mshahara wake wa mwisho wa mwezi, na makubaliano yaliyozaliwa na hofu hayadumu hata wiki. Kwa hiyo, pande mbili zikishakubaliana, usifunge daftari kwanza. Mwulize kila mmoja: "Katika haya tuliyokubaliana, ni lipi litakalokushinda wiki ijayo?" Akikujibu kwamba hakuna, shuka hadi kwenye jambo dogo kabisa: nani atashika zamu ya Jumamosi, funguo za kabati zitakaa kwa nani, nani atamsalimu mwenzake kwanza kesho asubuhi. Katika mambo madogo kama hayo ndipo mtu husita, na pale anaposita ndipo kazi yako inapoanza upya.

Jambo jingine ni zito zaidi, nami naomba ulizungumze na mwajiri kabla hujaanza kazi: usikubali kuwa msuluhishi na hakimu kwa wakati mmoja. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mfanyakazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na ampe nafasi ya kujitetea akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kikao hicho cha nidhamu kina wajumbe wake. Ukimsikiliza mtu faraghani siku ya Jumatatu, akakufungulia moyo na kukiri kwamba ndiye aliyeanza kutukana, kisha Alhamisi akakukuta umeketi kwenye meza ya nidhamu, hakuna mfanyakazi mwingine atakayekueleza ukweli katika kiwanda hicho. Omba iandikwe katika barua yako ya kazi kwamba uliyoyasikia katika usuluhishi hayatatumiwa kumwadhibu aliyeyasema, na kwamba hutakuwa mjumbe wa kikao cha nidhamu kinachomhusu mtu uliyemsuluhisha. Mgogoro ukikushinda, usiuzuie kwako kwa kuona haya. Mfanyakazi ana haki ya kwenda kwa afisa wa kazi wa wilaya, na malalamiko yakikaa siku 90 bila kutolewa uamuzi, anaweza kuyafikisha katika Mahakama ya Viwanda. Mweleze njia hiyo wewe mwenyewe, na utaona wengi wanavyokuamini zaidi baada ya kujua kwamba hukuwafungia mlango.

Tena, yapo mambo yasiyosuluhishwa, na hili unalijua kuliko wengi. Kituoni bila shaka uliwaona wazee waliotaka kesi ya mtoto aliyenajisiwa imalizwe kwa mbuzi na fedha kidogo. Kiwandani hali hiyo itakujia ikiwa imevaa nguo nyingine: msimamizi amemshika binti wa idara ya upakiaji, binti amelalamika, na meneja anakuomba "uwapatanishe" ili kazi isisimame. Hao wawili hawagombani. Yupo aliyekosa na yupo aliyekosewa, na kuwaita waombane radhi ni kumkosea binti mara ya pili. Sheria hiyohiyo ya 2006 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 awe na hatua za kuzuia bughudha ya kingono kazini, kwa hiyo lalamiko la namna hiyo lipeleke katika utaratibu huo siku hiyohiyo, na kama ni kosa la jinai, wenzako wa zamani wapo.

Swali: Mimi ni msimamizi wa wodi katika hospitali moja ya Mbale. Wauguzi wangu wawili hawasemezani. Mkubwa anasema mdogo anaukimbia usiku. Mdogo anasema anaonewa kwa sababu ana mtoto mchanga. Mkubwa anaishi upande wa Sironko, na zamu ya usiku huisha saa mbili asubuhi, ingawa mara nyingi huondoka saa tatu au hata baadaye kwa kuwa mwenzake amechelewa kuipokea wodi. Nimewapangia zamu kwa usawa kabisa, usiku kwa usiku, lakini ugomvi umezidi. Nasomea uongozi ili siku moja nihamie katika usimamizi wa miradi ya afya. Ikiwa watu wawili wamenishinda, ofisi nzima nitaiongozaje? — Muuguzi, Mbale

Jibu: Sista, soma tena barua yako pale ulipoitaja Sironko. Umeliandika jambo lenyewe kwa sentensi moja ukalipita, kwa sababu wote wawili wanapokuja kwako hutaja usiku, nawe ukaamini kwamba ugomvi ni wa usiku. Ukaugawa usiku sawasawa, na ugomvi ukabaki palepale.

Mary Parker Follett, Mmarekani aliyeishi kati ya 1868 na 1933, alieleza jambo hili kwa kisa kidogo kilichompata katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard. Alikuwa amekaa na msomaji mwingine katika chumba kidogo. Mwenzake alitaka dirisha lifunguliwe, yeye akataka libaki limefungwa. Wakafungua dirisha la chumba cha pili, ambako hakuna aliyekuwa amekaa. Mwenzake alihitaji hewa, naye Follett hakutaka upepo wa kaskazini umpige moja kwa moja, na wote wawili wakapata walichohitaji. Kama wangegawana kwa usawa wa kawaida, dirisha lingefunguliwa nusu, na kila mmoja angekaa akinung'unika. Nakutajia mama huyu kwa sababu nyingine pia. Alianzia katika vituo vya jamii vya mitaa ya Boston, akijaribu kuwafanya watu wa asili tofauti wakae pamoja, kisha akaingia katika bodi za kujadili mishahara, na katika miaka ya 1920 wakuu wa biashara wakawa ndio wanaomwita awafundishe uongozi. Hofu yako kwamba ujuzi wa wodini hautavuka kwenda ofisini, maisha yake yanaijibu vizuri.

Sasa turudi wodini. Mwite kila mmoja peke yake, na wala si mwishoni mwa zamu, kwa kuwa mtu aliyekesha usiku kucha hawezi kueleza jambo bila hasira. Usimwulize kwa nini hataki usiku. Mwulize mkubwa: "Ukitoka hapa asubuhi, siku yako inaendaje?" Nadhani utasikia habari za taksi ya kwenda Sironko inayojaa na kuondoka, shamba linalosubiri, na kulala kunakoanza saa sita mchana. Mwulize mdogo: "Kabla hujafika hapa, asubuhi yako inaendaje?" Huyo huenda ana msaidizi anayefika kwake saa mbili kasorobo, na hawezi kumwacha mtoto peke yake. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 60 za kazi, kwa hiyo anaporudi kazini mtoto bado ananyonya. Ikiwa mambo ni hivyo, kinachowagombanisha ni muda wa makabidhiano ya asubuhi, na muda huo unaweza kuupanga: mdogo aipokee wodi kutoka kwa muuguzi anayeishi karibu na hospitali, na mkubwa akabidhi kwa mwingine anayewahi. Idadi ya usiku inaweza kubaki kama ilivyo, na huenda hakuna atakayeihesabu tena.

Lipo jambo ambalo kazi yako inalo na ofisi nyingi hazina. Ofisini ugomvi unaweza kungoja hadi kesho bila mtu kudhurika. Wodini wasiosemezana wanapokabidhiana wagonjwa, kuna dawa itakayosahauliwa. Kwa hiyo, hata kabla ya kuwasikiliza, agiza makabidhiano yafanyike kitanda kwa kitanda na yaandikwe, na wote wawili watie saini. Wapende wasipende kuzungumza mengine, hilo watalizungumza.

Utakapokwenda kwenye usaili wa kazi mpya, usiseme kwamba wewe ni hodari wa kutatua migogoro, kwa sababu kila aliyekutangulia kwenye kile kiti amesema hivyo. Eleza kisa hiki bila majina na bila kuitaja hospitali: ulidhani tatizo ni nini, uliuliza swali gani, ukagundua nini, ukabadilisha nini katika ratiba, na baada ya mwezi hali ikawaje. Kama kuna lililobaki bila kutatuliwa, litaje pia. Mtu aliyewahi kuongoza watu atakutambua mara moja.

Swali: Mimi ni Mkongomani, naishi Nakivale. Nimekuwa mkalimani katika vikao vya wakimbizi na wenyeji, hasa pale ng'ombe wanapoingia katika mashamba ya mahindi. Kabla ya kikao huwa tunakwenda wote shambani kuhesabu mistari iliyokanyagwa. Sasa kampuni ya usafirishaji ya Kampala inatafuta mtu wa kushughulikia ugomvi kati ya madereva wa malori na mawakala wa forodha, na wamevutiwa na lugha zangu. Katika vikao vyetu nilizoea kuyalainisha maneno makali ili watu wasipigane. Je, niendelee hivyo huko? — Mkalimani, Isingiro

Jibu: Kaka, nia yako ilikuwa njema, lakini tabia hiyo iache, hata hapo Nakivale. Mwenye mahindi anaposema, "Hii ni mara ya tatu, na safari hii nataka nilipwe kabla ng'ombe hawajaondoka hapa," nawe ukamfikishia mwenye ng'ombe kwamba jirani anaomba afikiriwe, umewatoa kikaoni watu wawili wenye picha mbili tofauti. Mwenye ng'ombe ataondoka akidhani jambo ni dogo, na mwenye mahindi atadhani amedharauliwa. Wiki ya pili watakutana malishoni bila wewe. Mkalimani husema yote yaliyosemwa, kwa nafsi ileile ya msemaji, bila kupunguza wala kuongeza. Na akiona tusi linaloweza kuvunja kikao, humwomba mwenyekiti asimamishe kidogo, akaeleza wazi mbele ya pande zote kwa nini ameomba hivyo.

Katika kazi mpya hutakuwa mkalimani tena. Utakuwa msuluhishi, na hapo una ruhusa ambayo zamani hukuwa nayo. Unaweza kumgeukia dereva ukamwambia: "Nimekuelewa. Sasa sema tena lalamiko lako kwa namna ambayo wakala ataweza kulijibu." Mwenyewe ndiye atakayelainisha maneno yake, nawe hutakuwa umemsemea.

Desturi yenu ya kwenda shambani kwanza, hiyo ichukue kama ilivyo. Mizigo mingi ya Uganda hushukia bandari ya Mombasa na kuingia nchini kwa mpaka wa Malaba au Busia, na lori likikwama njiani au kontena likicheleweshwa kurudishwa, kuna fedha zinazodaiwa kwa kila siku inayopita. Dereva atamlaumu wakala kwa kuchelewesha hati, wakala atamlaumu dereva kwa kulala njiani, na mwenye mzigo atawalaumu wote wawili. Kabla ya kumsikiliza yeyote, tengeneza orodha ya saa: lori lilipakiwa lini, hati ziliwasilishwa lini, malipo ya ushuru yalithibitishwa lini, lori lilivuka mpaka saa ngapi. Wasomee orodha hiyo wote wakiwepo na umwombe kila mmoja aisahihishe. Nusu ya ugomvi huo hautafika kwenye maneno makali, kama ambavyo mistari ya mahindi ikishahesabiwa hakuna anayebishana tena kama ng'ombe waliingia au hawakuingia.

Kitakachokuwa kigeni kwako ni mwendo. Kikao cha chini ya mti kinaweza kuahirishwa hadi wazee wafike, na kuahirisha huko mara nyingi husaidia hasira zipoe. Barabarani kila siku unayoahirisha ina bei, na bei hiyo yenyewe huwa chanzo kipya cha ugomvi. Jizoeze kutoa suluhisho la muda, kwa mfano lori liondoke leo na suala la nani atalipia siku mbili lijadiliwe Ijumaa, mradi tu wote waandike kwamba wamekubali liondoke bila mmoja wao kukiri kosa. Kuhusu lugha zako, madereva wa njia hiyo wengi huzungumza Kiswahili, na mtu anayelalamika kwa lugha yake ya kila siku hueleza vizuri zaidi kuliko anayejaza fomu ya malalamiko kwa Kiingereza. Kampuni imevutiwa na kitu cha maana.

Swali: Nimehitimu masomo ya amani hapa Gulu. Miradi ya mashirika iliyokuwa ikiwaajiri watu kama sisi imepungua. Chama kimoja cha akiba na mikopo kinataka afisa mikopo, lakini baba anasema: "Umesomea kupatanisha koo, leo utadai watu madeni?" Je, nimepoteza masomo yangu? — Mhitimu, Gulu

Jibu: Mwanangu, mwambie mzee kwa heshima kwamba suala la deni limo ndani ya upatanisho wa Waacholi tangu zamani. Katika mato oput, koo mbili zilizotenganishwa na mauaji hazifiki kwenye kinywaji kichungu cha mzizi wa mti wa oput kwa siku moja. Kwanza ukweli husemwa na kosa hukubaliwa, wazee huenda na kurudi kati ya koo, fidia ya culo kwor hupatanwa, na baada ya hayo ndipo watu hunywa pamoja. Taratibu hizo mbili zilitajwa kwa majina, pamoja na nyingine za kaskazini, katika makubaliano ya uwajibikaji na maridhiano yaliyotiwa saini Juba mwezi Juni 2007 kati ya serikali ya Uganda na waasi wa LRA. Sikuambii uende ukawafanyie wadaiwa mato oput. Hilo ni jambo la damu na wenyewe ni wazee, na kulitumia kama pambo katika ofisi ya mikopo kungekuwa utovu wa adabu. Ninachotaka ukichukue ni mpangilio: kukubaliana kwanza juu ya ukweli, kisha juu ya kiasi, kisha juu ya namna ya kulipa. Maafisa mikopo wengi huanzia mwisho. Wanafika kwa mwanachama wakiwa wameshika tarehe ya malipo, kumbe daftari la mwanachama na vitabu vya chama havisomi kiasi kimoja.

Chukua mwanachama anayelima simsim, aliyekopa mwezi wa tatu kwa masharti ya kulipa kila mwezi kuanzia wa nne. Mwezi wa tano fedha zake zote ziko ardhini, karo ya muhula wa pili imemfikia, na katika vitabu vya chama tayari anaitwa msumbufu. Ukimfuata kwa vitisho atauza mbuzi, atalipa mara moja, na hatarudi tena kukopa wala kuweka akiba. Ukikaa naye na mkafungua kalenda ya mavuno, huenda mkakubaliana kiasi kidogo sasa na kikubwa baada ya mavuno, na chama kikapata fedha zake zote. Lakini uwe pia na jicho la kumtambua yule anayeweza kulipa na hataki, maana kumfanyia huyo subira ni kuwaonea wanachama wengine ambao akiba zao ndizo alizokopeshwa. Wadhamini wake waite mapema, kabla deni halijawa aibu. Wao ndio watakaokueleza mtu huyo ni wa namna gani.

Kuna jambo moja litakalokubana. Katika masomo yako ulifundishwa kwamba msuluhishi hana upande. Afisa mikopo ana upande, kwa kuwa anatumwa na mwenye fedha. Usijifanye huna. Mwambie mwanachama dakika ya kwanza: "Mimi natoka chamani, na chama kinataka fedha zake. Nimekuja tutafute njia utakayoiweza." Uwazi huo utakusaidia kuliko ufundi wowote wa darasani.

Mzee akiendelea kuwa na mashaka, mkumbushe Betty Bigombe, binti wa Acholi, aliyekuwa waziri wa serikali alipoingia porini kuzungumza na viongozi wa LRA katika mazungumzo yaliyovunjika mwaka 1994, kisha akafanya kazi Benki ya Dunia, akarudi kupatanisha tena katikati ya miaka ya 2000, na baadaye akawa waziri wa nchi wa rasilimali za maji. Vyeo vilibadilika mara nyingi.

Swali: Mimi ni msimamizi wa mafundi wa ujenzi. Mkubwa wangu hunikataza kuingilia ugomvi wa mafundi, anasema utaisha wenyewe. Je, kunyamaza si udhaifu? — Msimamizi, Hoima

Jibu: Mara nyingine kunyamaza ni busara. Watafiti wawili wa Kimarekani, Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, walitoa mwaka 1974 kipimo kinachotaja njia tano za kukabili mgogoro, yaani kushindana, kushirikiana, kugawana, kukubali matakwa ya mwenzako na kukwepa, na walieleza kwamba kila moja ina mahali pake. Mafundi wakitaniana kwa ukali kuhusu nani alipinda ukuta, funika kombe mwanaharamu apite, hasa wakiwa juu ya jukwaa la miti ambako hasira humwangusha mtu. Lakini ugomvi wa malipo hauishi wenyewe. Kama vibarua hawajalipwa Jumamosi na wanagombania koleo Jumatatu, koleo si hoja. Nenda kwa mkubwa wako ukazungumze habari ya Jumamosi.

Swali: Ni mwenyekiti wa steji ya boda boda. Kila siku nasuluhisha nauli, zamu za kubeba abiria, na ajali ndogondogo. Mpwa wangu anasema Kampala kuna watu wanaolipwa kwa kazi hii. Je, naweza kuifanya kazi rasmi? — Mwenyekiti, Arua

Jibu: Mzee mwenyekiti, mpwa wako hakukudanganya. Kwa Kanuni za Usuluhishi za 2013, mashauri ya madai yanayofikishwa Mahakama Kuu na mahakama za chini yake hupitishwa kwanza kwenye usuluhishi, na wapo wasuluhishi waliothibitishwa kwa kazi hiyo. Njia hiyo inadai mafunzo, na kwa kuwa mahakama zetu huendesha kazi kwa Kiingereza, inadai pia uwezo wa kusoma na kuandika lugha hiyo. Njia iliyo karibu nawe zaidi ni baraza la kijiji, kwa kuwa Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya 2006 inawapa viongozi wa baraza hilo (LC1) kazi ya kusikiliza mashauri madogo ya watu wao. Huko huingii kwa cheti, unachaguliwa na wakazi, na madereva wako pamoja na abiria wao wanakufahamu tayari.

Kwa njia yoyote utakayoichagua, anza leo kuweka daftari: tarehe, waliogombana, walichokubaliana, na kama walitimiza. Andika pia yale uliyoyakataa. Nauli na zamu ni zako. Deni linalobishaniwa liende LC. Ajali yenye majeruhi si yako, hata kama dereva na abiria wote wawili wanakusihi muimalize palepale kwa elfu ishirini, kwa sababu aliyeanguka akagonga kichwa anaweza kusimama, akajifuta vumbi, akakubali fedha, na usiku akazidiwa. Mpeleke hospitali kwanza, wapigie polisi wa barabarani, uandike namba ya pikipiki, jina la dereva na saa ya ajali; mazungumzo ya fidia yangoje mpaka daktari ameandika alichokiona.